Gari linatetemeka likiwa la baridi asubuhi, likipata moto linatulia. Shida ni nini?

mwendo_pole:
Habari zenu wakuu. Gari langu ni la petroli, lita 1.5, silinda nne, injekta zinapuliza petroli kwenye manifoldi (bomba linalopeleka hewa kwenye silinda). Likilala usiku kucha, asubuhi starta inazunguka muda mrefu kuliko zamani, linawaka, halafu linatetemeka hadi usukani unacheza. Nikikanyaga mafuta linasita kama linataka kuzima. Baada ya dakika moja au mbili linatulia, na mchana nikizima na kuwasha halina tatizo lolote. Moshi sioni, taa ya injini haiwaki. Plagi nimeshaweka mpya, hali ni ileile. Fundi anashauri tubadilishe injekta zote nne. Kabla sijatoa hela, naombeni maoni.

kijana_wa_spana:
Anza na kusafisha throto, yaani mlango wa kisahani unaopitisha hewa kwenda kwenye injini. Masizi yakiganda ukingoni mwa kile kisahani, hewa inapita kwa shida injini ikiwa ya baridi. Langu lilitulia baada ya hapo.

mzee_wa_plagi:
Kusafisha throto hakudhuru, lakini gari linalosita ukikanyaga mafuta lina habari nyingine. Ndugu mwendo_pole, injekta usinunue bado. Kitu kinachoniuma katika kazi hii ni kuona watu wanabadilishiwa vifaa kwa kubahatisha, kwa sababu gari limefika gereji likiwa tayari lina moto. Ugonjwa wa baridi unapimwa gari likiwa baridi. Fundi akilikuta limeshachemka, hana cha kuona.

Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inanata kwenye kuta za manifoldi bila kufika kwenye silinda. Kwa hiyo kompyuta ya gari inaongeza mafuta ya ziada asubuhi. Inajuaje kuna baridi? Inaisikiliza sensa ya joto la maji. Sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi bado haijapata moto, haiwezi kusahihisha kitu. Sensa ya maji ikidanganya kwamba injini ina joto, mafuta yanatoka kidogo, na utapata hayohayo unayoyaeleza. Ekzosi ikipata moto, sensa ya oksijeni inashika kazi na gari linatulia.

Sasa fanya hivi. Gari lilale usiku kucha. Asubuhi chomeka mashine ya kusomea kompyuta, washa swichi bila kupiga starta, usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Injini imelala, kwa hiyo namba hizo mbili lazima zikaribiane, tofauti ya nyuzi mbili tatu tu. Ukiona hewa 19 na maji 45, umeshampata mwizi. Na usishangae taa kutowaka: waya ukikatika kabisa kompyuta inasoma nyuzi 40 chini ya sifuri na inajua kuna hitilafu, lakini 45 ni namba inayowezekana, na kompyuta za magari mengi ya zamani zinaiamini.

Namba zikilingana, asubuhi inayofuata washa swichi sekunde chache, zima, washa tena, rudia kidogo, ndipo upige starta. Pampu ya petroli inajaza presha kila unapowasha. Likiwaka vizuri safari hiyo, presha inavuja usiku: ama valvu ya pampu inarudisha mafuta kwenye tangi, ama injekta inadondosha. Injekta inayodondosha utaijua kwa plagi iliyolowa petroli na moshi mweusi mara tu linapowaka. Hapo ndipo neno la fundi wako litakuwa na uzito, tena kwa injekta moja, siyo zote nne.

dada_wa_gereji:
Naongezea moja ambalo watu hulipuuza. Gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, ikianza kuchoka, tone la maji linaingia kwenye silinda usiku, asubuhi gari linamisi, yaani silinda moja haichomi mafuta vizuri, kisha linatulia. Maji yanaweza kupungua polepole mno usigundue, kwa hiyo weka alama kwenye tangi dogo la maji. Fungua plagi kabla ya kuwasha: moja ikiwa imetakata kuliko wenzake, kama imeoshwa, usiendelee kulitembeza mpaka lipimwe presha. Na jamani, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto.

mwendo_pole:
Asanteni sana. Leo alfajiri nimepima kabla ya kuwasha. Hewa 21, maji 52. Nimefungua plagi zote nne: kavu, rangi moja.

mzee_wa_plagi:
Plagi kavu na sensa inayosema 52, vinakubaliana. Kabla ya kununua, chomoa soketi ya sensa, mulika tochi ndani uone kama kuna kutu ya kijani au maji, kisha pima sensa yenyewe kwa mita. Nyingi, kwa nyuzi 20, husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 na 3,000, na joto likipanda omu zinashuka. Linganisha na kitabu cha gari lako.

mwendo_pole:
Soketi safi. Mita imesoma omu 790, injini baridi kabisa.

mzee_wa_plagi:
Sensa imekufa. Badilisha hiyo, injini ikiwa baridi kwa sababu maji yatamwagika kidogo, jazia, toa hewa kwenye mfumo wa maji. Asubuhi yake soma namba tena kabla ya starta.

mwendo_pole:
Nimebadilisha jana jioni. Leo hewa 20, maji 21, limewaka mara moja na usukani haukucheza. Throto nitaisafisha mwisho wa wiki.