Bajeti inafika 100 kamili, lakini akiba haikai hata miezi miwili. Tatizo liko wapi?

Mpiga Mahesabu (muulizaji)

Wakuu, naomba mnikagulie bajeti hii. Ili kila mtu aweke sarafu yake, tuchukulie mshahara wa mwezi ni 100. Kodi ya nyumba 30, chakula 25, nauli 10, umeme, maji na intaneti 8, marejesho ya mkopo 12, akiba 10, dogodogo 5. Akiba inatengwa siku ile ile mshahara unapoingia, haingoji mabaki. Hata hivyo haimalizi miezi miwili kabla ya kutolewa, na siku tatu nne za mwisho wa mwezi huwa kavu kabisa. Pesa inavujia wapi? Na je, ni bora kuacha akiba kwanza mpaka mkopo uishe?

Kibubu

Kila kilichomo kwenye orodha yako kinalipwa kila mwezi. Sasa ada, bima, matengenezo, nguo, viatu, daktari wa meno, zawadi na michango vinalipwa na nani? Hapo ndipo akiba inapokwenda.

Chukua taarifa za benki na za pesa za simu za miezi 12 iliyopita. Pigia mstari kila malipo yasiyojirudia kila mwezi, jumlisha, gawa kwa 12. Tuseme jumla ni 144 kwa mwaka, yaani 12 kwa mwezi. Basi bajeti yako halisi ni ya 112 kwa mshahara wa 100. Ile 10 ya akiba na 5 ya dogodogo zinafanya 15. Toa 12, inabaki 3. Akiba yako ya kweli ni hiyo 3, na ni heri kuijua hivyo kuliko kujidanganya na 10.

Hiyo 12 itenge kila mwezi kwenye mfuko wake. Mtego uko mwaka wa kwanza. Malipo ya 24 yakiwa yamebakiza miezi 4, kutenga 2 kila mwezi hakutoshi. Inabidi utenge 6 hadi siku hiyo, kisha ndipo ushuke hadi 2. Wengi hukwama hapa, wanadhani mbinu haifanyi kazi, wanaiacha. Na mfuko huu usichanganywe na akiba ya dharura. Ada ina tarehe yake, inajulikana tangu mwaka uliopita. Dharura ni ugonjwa au kazi kukatika.

Jicho la Riba

Kuhusu mkopo, jibu linategemea riba inavyokokotolewa, si asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo. Ukikopa 1,200 kwa riba ya asilimia 12 inayopigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo, ulipe kwa miezi 12, riba ni 144 na rejesho ni 112 kwa mwezi. Lakini deni linapungua kila mwezi, wakati riba inaendelea kupigwa kana kwamba bado unadaiwa 1,200 yote. Ukiupima kwa salio linalopungua, mkopo huo ni wa karibu asilimia 21.5 kwa mwaka. Mikopo midogo ya muda mfupi ni mikali zaidi: asilimia 5 kwa mwezi, usipolipa na riba ikazaa riba, inafika karibu asilimia 80 kwa mwaka.

Kwa hiyo usiache akiba yote. Weka kwanza kiasi kinachotosha matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, la sivyo dharura ya kwanza itakurudisha kwa mkopeshaji. Baada ya hapo kila ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, huku mengine ukiyalipa rejesho lake la kawaida. Kabla ya kulipa mapema, muulize mkopeshaji kwa maandishi kama riba iliyobaki inafutwa. Kama haifutwi, kuwahi hakukupunguzii chochote. Afadhali pesa hiyo ikae kwako.

Mama Bahasha

Zile siku kavu zina sababu yake, na haihusiani na ada wala mkopo. Nakisia unagawa chakula na nauli kwa wiki nne. Mwezi una wastani wa wiki 4.35. Hizo 35 ukizigawa kwa 4 unatumia 8.75 kwa wiki, na mwezi wa siku 31 unakuachia siku tatu bila kitu. Gawa kwa siku za mwezi, kisha zidisha kwa 7: mwezi wa siku 31 ni 7.90 kwa wiki. Toa kiasi hicho siku moja ya wiki isiyobadilika, ikiwezekana Jumatatu. Ukitoa Ijumaa, wikiendi itakula sehemu ya Jumatano.

Na msikimbilie kununua kwa jumla. Kitu kikiwa nafuu kwa asilimia 15 kwa kila kilo, halafu sehemu moja ya tano ikaharibika, umelipa asilimia 6 zaidi kwa kile ulichotumia. Nunua kwa wingi sabuni na vitu visivyooza.

Mpiga Mahesabu

Ni kweli nilikuwa nagawa kwa nne. Swali la mwisho: kwa mtu asiye na mshahara maalumu, mapato leo 60, mwezi ujao 140?

Kibubu

Mapato yote yaingie akaunti moja ya kupokelea, na ajilipe mshahara mmoja usiobadilika kutoka humo kila tarehe 1. Kiwango cha kuanzia kiwe mwezi mbovu kuliko yote katika 12 iliyopita. Hapo ni 60. Akaunti ikishakusanya mishahara miwili ya aina hiyo, anaweza kupandisha kidogo kidogo. Kama 60 haitoshi kodi na chakula, atafute kwanza nyumba ya bei ya chini, maana kubana vocha hakutaziba pengo la ukubwa huo. Na akidaiwa kodi ya mapato, aitenge siku hiyo hiyo pesa inapoingia, kabla ya kujilipa.