Mrejesho: chokea kwenye kope ya binti yangu

Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kuhusu chokea iliyoota kwenye kope ya juu ya binti yangu. Tulifuata ushauri wa kukanda jicho kwa kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiasi, dakika 10 kila mara, mara nne kwa siku, bila kukamua kamwe, kwa kuwa usaha wenye bakteria ungeweza kusambaa. Jipu lilipasuka lenyewe na maumivu yakaisha. Hata hivyo, kimebaki kinundu kigumu kisichouma, ambacho daktari wa macho amesema ni tezi ya mafuta iliyoziba. Tunaendelea kukanda, na kisiponywea atakipasua. Dawa ya kupaka sikuona ikileta tofauti. Wanja wake wa zamani tumeutupa, usije ukamwambukiza tena.