Bata mzinga wa Ijumaa

*Kikundi: Nyumba ya Bibi, Kibokoni. Alhamisi*

Mama Fatma: Assalam aleykum nyote. Yule bata mzinga wa Ami nimemtoa friza sasa hivi. Kilo 6! Kesho baada ya sala ya Ijumaa chakula kwangu inshallah.

Khale Rukia: Waaleykum salaam. Sasa hivi?? Saa nne hii! Huyo si kuku mwanangu.

Mama Fatma: Nimemweka uani juani, joto hili litammaliza.

Nuru: Dada mtoe juani! Nje ataanza kunuka na ndani bado jiwe. Kwenye friji kila kilo 2 zataka siku nzima. Huyo alitaka siku 3.

Mama Fatma: Siku 3 nitoe wapi

Nuru: Basi maji. Na mfuko wake, usitoboke, ndani ya beseni, maji baridi yamfunike. Kila nusu kilo ni nusu saa, na kila nusu saa wabadilisha maji. Mpaka saa kumi atakuwa tayari, kisha friji.

Mama Fatma: Mara 12?! Na maji yenyewe nanunua ya mkokoteni 😭

Khale Rukia: Usiyamwage, yatie ndoo ya choo.

Ami Salim: Mwajua Waingereza wamemwita kwa jina la Uturuki, Waturuki wenyewe wamwita hindi, na Waarabu dik rumi, jogoo wa Kirumi? Kila mtu amsukuma kwa mwenziwe. Na asili yake bara la Amerika!

Khale Rukia: Ami sisi tuko kwenye barafu.

Bi Mkubwa: 🎤 4:12

Swaleh: Kwa msio na bando: Bibi asema aoshwe kwa ndimu na siki, asikatwe, apakwe thomu, na Fatma ameacha kumtembelea.

Nuru: Kumuosha hapana. Maji huruka na vidudu vyake mpaka kwenye kachumbari. Mfute kwa karatasi tu.

Khale Rukia: Nuru, nyama haikuoshwa mimi siili. Wallahi siili.

Nuru: Haya Khale. Aoshwe ndani ya beseni polepole, vyombo vyote viondolewe karibu, kisha beseni na sinki visuguliwe kwa sabuni. Na tumboni mna kifuko cha shingo na firigisi. Kitoeni! Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwoka nacho.

Mama Fatma: Saa kumi na moja. Amelainika alhamdulillah. Lakini oveni haifungiki, kifua kimegota juu 😩

Swaleh: Tumpeleke kwa muoka mikate

Nuru: Mkateni miguu. Afadhali hivyo, kifua hukauka mapaja yakiwa bado mabichi. Ukivitenga kila kimoja chatoka kwa wakati wake.

Swaleh: Na Bibi?

Nuru: Akishalazwa juu ya pilau, miguu mwairudisha mahali pake, maungio mwayafunika kwa mbatata. Hakuna wa kujua.

Bi Mkubwa: Nimesoma.

Khale Rukia: 😂😂😂

Mama Fatma: Bibi samahani, oveni ni ndogo. Viungo je? Nina thomu, tangawizi, ndimu, mtindi, pilipili manga, bizari nzima.

Khale Rukia: Vyatosha. Mwache navyo usiku kucha ndani ya friji. Siagi ipenyeze chini ya ngozi ya kifua, si juu. Tazama karatasi yake kwanza, wengine huja washatiwa maji ya chumvi.

Nuru: Moto 180. Kama saa 2, lakini usifuate saa. Naja na kipima joto, ukidunge paja palipo nene, kisiguse mfupa. 74 ndiyo ameiva, na kifua vilevile.

Mama Fatma: Mimi hudunga kisu nikaona maji.

Nuru: Kisu hudanganya.

*Ijumaa*

Mama Fatma: Kifua 74! Paja 68, nimerudisha miguu peke yake. Kifua nimekifunika, kipumzike nusu saa kabla ya kukatwa.

Swaleh: Stima imekatika kwetu. Kwako?

Mama Fatma: Oveni ni ya gesi, tulia.

Ami Salim: Nimetoka msikitini. Harufu iko mpaka barazani.

Mama Fatma: Paja 76. Njooni. Na mtu amshike Bibi mkono pale ngazini.

*Ijumaa usiku*

Bi Mkubwa: 🎤 0:09

Swaleh: Mifupa isitupwe, kesho ataka supu. Na mguu wa kushoto uliwekwa kulia.