Maziwa yananuka dagaa na mtindi haufanyi siagi: tatizo ni chakula?

Mfugaji wa Buhongwa:
Wafugaji wenzangu, naomba ushauri. Nina ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian, aliyezaa miezi miwili iliyopita. Kwa kuwa majani yameadimika kiangazi hiki, nimepunguza mabingobingo na kumwongezea pumba za mahindi, mashudu ya pamba na vumbi la dagaa ninalonunua soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, na yote humpa wakati wa kukamua ili atulie. Maziwa yamepanda kutoka lita 9 hadi 11 kwa siku, lakini wateja wanalalamika kuwa yananuka samaki, na mtindi nikiusukasuka siagi haitoki kama zamani. Je, niache dagaa kabisa?

Jirani wa Nyegezi:
Ndugu yangu, hayo ni matatizo mawili. Sehemu kubwa ya mafuta ya maziwa hutokana na asidi inayopatikana nyuzinyuzi za majani zinapochachuka katika tumbo la kwanza la ng'ombe. Kwa hiyo ukipunguza majani na kujaza pumba, lita zinaweza kupanda huku mafuta yakishuka. Mafuta ya samaki yaliyomo katika dagaa huyashusha zaidi. Harufu ina njia yake: ng'ombe anapobeua, hewa ya tumboni huingia mapafuni, kisha kwenye damu, na hufika kiweleni katika muda mfupi sana. Tena vumbi la dagaa likipeperuka bandani, maziwa yaliyo wazi kwenye ndoo huivuta harufu hiyo moja kwa moja. Mimi ningeacha dagaa, kwa sababu mashudu ya pamba yanatosha kumpa protini.

Mama Mfugaji, Kisesa:
Naongezea kuhusu majani, maana hapo ndipo tunapokosea wengi. Tafuta mabua ya mpunga au ya mahindi uyakatekate, uchanganye na majani ya viazi vitamu na ya lusina (mti wa malisho wa jamii ya mikunde), ila lusina isizidi theluthi moja ya malisho kwa kuwa ina sumu yake. Chakula chochote chenye harufu kali mpe baada ya kukamua, ili zipite saa kadhaa kabla ya kukamua tena. Usibadilishe chakula chote kwa siku moja. Chukua kama wiki mbili, kwani vijidudu vya tumboni vinahitaji muda wa kuzoea.

Mfugaji wa Buhongwa:
Asante sana, mama, nawe ndugu. Dagaa naacha leo, na mabua nitayafuata Magu Jumamosi.