Swali: Huyu Helen wa filamu za Kihindi alikuwa anafanyaje vile?

BintiUpanga ameandika:

Shikamooni wakubwa wa jukwaa. Mimi nafundisha zumba na dansi za sherehe hapa Dar. Mwezi ujao nina kicheni pati, na mama wa bibi harusi ameng'ang'ania kundi langu licheze "Piya Tu", ule wimbo wa Helen kwenye filamu ya Caravan. Nimeutazama kwenye simu mpaka chaji imekwisha mara mbili. Hatua zote nimeziandika kwenye daftari. Kusema kweli nyingi ni rahisi kuliko ninazowafundisha wateja wangu wa saa kumi na mbili asubuhi.

Tatizo ni hili: nikizicheza mimi, zinatoka kama mazoezi ya viungo. Yeye anainua bega moja tu na mtu huwezi kugeuza macho. Siri ni nini? Na la pili, mama yangu anasema Helen siku zote alikuwa "yule mbaya wa kilabu", hakuwahi kuwa stelingi. Mtu anayecheza hivi, kwa nini?

---

MzeeWaVuga amejibu:

Marahaba binti. Hapa umefika kwa mwenyewe.

Mimi nilikuwa mtoto wa baiskeli. Nyinyi hamuijui kazi hii, kwa hiyo ntaieleza. Kopi ya filamu ni moja, majumba ya sinema mawili. Majestic ya hapa Vuga, Unguja, wanaanza; mkanda wa kwanza ukesha unarudishwa nyuma, unatiwa kwenye bati lake, mimi naukimbiza Empire, ambako watu wameingia nusu saa baadaye. Naushusha, narudi kuchukua wa pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo filamu nzima sikuwa naiona, naziona vipande, na kipande nilichokuwa nakivizia ni cha Helen. Opereta akinambia mkanda fulani ndio wenye Helen, basi ule ulioutangulia naupeleka mbio kama nimeiba.

Usiku mmoja nilipata pancha, na Helen mwenyewe yuko kwenye keria. Empire taa zikawaka. Nilipofika nasukuma baiskeli, jasho linanitoka, nikakuta miluzi na watu wanapiga viti. Bwana mmoja wa viti vya mbele akanishika ukosi: "We mtoto, mke wangu umempeleka wapi?"

Sasa huyo "mke" wao. Kazaliwa Rangoon, Burma, mwaka 1938, mama Mburma, jina lake kamili Helen Ann Richardson. Vita vya Wajapani vikamchukua baba. Mwaka 1943 mama, naye mjamzito, akawabeba watoto wakaondoka kwa miguu na wakimbizi wengine, msitu kwa msitu, kijiji kwa kijiji, wakila walichopewa, mpaka Assam upande wa India. Wengi wa msafara hawakufika. Mimba ya mama ikaharibika njiani. Helen alikuwa hata miaka mitano hajatimiza. Kila nikimuona na yale manyoya kichwani nakumbuka hiyo miguu ilikotoka.

Wakaishia Bombay. Mama akafanya uuguzi, mshahara hautoshi, mtoto akatolewa shule. Palikuwa na mcheza dansi mkubwa wa filamu za wakati huo, Cuckoo, rafiki wa familia. Ndiye aliyemtia Helen kwenye kundi la wachezaji wa nyuma, filamu za Shabistan na Awaara, 1951. Hesabu mwenyewe umri wake. Mwaka 1958 ndipo alipopewa wimbo wake peke yake ukatikisa, "Mera Naam Chin Chin Chu" kwenye Howrah Bridge, sauti ya Geeta Dutt. Ana miaka 19. Mwaka huohuo yeye na Cuckoo wanacheza pamoja kwenye Chalti Ka Naam Gaadi. Itafute, utamuona mwalimu na mwanafunzi ubavu kwa ubavu, na utajua nani anaondoka na nani anaingia. Cuckoo alikufa 1981, masikini. Hilo nalisema kwa sababu watu hulisahau.

Kuhusu ustelingi: filamu zile zilikuwa na sheria yake. Stelingi wa kike anavaa sari, analia, anasubiri. Hawezi kunywa, hawezi kuvaa nguo ya kizungu akamkonyeza mtu. Lakini mtu aliyelipa tiketi anataka kuyaona hayo! Basi akatafutwa mwanamke wa kuyafanya, apewe dakika tano, halafu mara nyingi apigwe risasi kabla filamu haijesha. Na sura ya Helen ilikuwa ya mchanganyiko, akageuzwa Mchina, Mhispania, mwanamke wa kambi ya jangwani, chochote isipokuwa binti wa Kihindi wa kuposwa. Dhuluma? Ndiyo. Lakini katika dakika tano zile yeye ndiye mwenye nyumba.

---

Mkweli77 amejibu:

Wazee mnapamba sana. Huyo alikuwa anacheza nusu uchi, wanaume wakashangilia, basi. Usanii uko wapi hapo?

---

MzeeWaVuga amejibu:

Mkweli, nusu uchi uliyoiona wewe ni kitambaa. Ndani alikuwa anavaa nguo ya kubana ya rangi ya ngozi, mwili mzima. Tazama vizuri, utaona mikunjo kwenye kiwiko. Sisi wa viti vya mbele tulikuwa tunabishana hapohapo kama ni ngozi au si ngozi, na tulikuwa na skrini ya ukuta mzima, si simu. Kwa hiyo kilichokuvutia hakikuwa ngozi, kwa sababu hukuonyeshwa.

---

UmmSalma_Muscat amejibu:

Assalam alaykum. Mzee wa Vuga kasema vizuri ila kasema kiume. Ngoja na sisi tuseme.

Mie mtoto wa Malindi ya Unguja, sasa niko Muscat miaka mingi. Sisi tulikuwa na maonyesho yetu, wanawake watupu, mchana, mabuibui yamejaa mpaka ngazini. Wanaume hawajui humo ndani kulikuwa na nini. Stelingi akilia tunalia naye, mama zetu wanapangusa kamasi kwa ncha ya buibui. Akitokea Helen hakuna anayelia. Tunatazama mshono. Wapi kumekatwa, wapi kuna shanga, nywele zile za bandia zimefungwaje. Wiki ile ile fundi wa cherehani atasumbuliwa. Na harusi ikifika, upande wa wanawake mlango ukishafungwa, kuna mmoja wetu lazima atakuwa Helen. Hakuna aliyetaka kuwa stelingi.

Binti, kama unataka kumjua, usiishie Caravan. Tazama Don, ile ya Amitabh ya 1978. Humo Helen ni Kamini, mchumba wake kauliwa na jambazi aitwaye Don. Anakwenda hotelini kwa huyo jambazi, anawapigia simu polisi, bastola ya jambazi keshaitoa risasi. Bado kitu kimoja: jambazi asitoke chumbani mpaka polisi wafike. Basi anacheza. "Yeh Mera Dil" si wimbo wa kuburudisha pale, ni kufuli la mlango. Uso unacheka, macho yanaangalia saa. Anakaribia miaka arubaini wakati huo! Asha Bhosle alipata tuzo ya Filmfare kwa kuuimba. Helen naye alipata ya kwake kwa Lahu Ke Do Rang ya 1979, tuzo ya mwigizaji msaidizi, wala si kwa kucheza.

Mzee, naona umeisahau Gumnaam. Helen humo ni Miss Kitty, yuko pwani anamfundisha mwenzake kufurahi. Mie hapo ndipo nilipompenda.

---

BintiUpanga ameandika:

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimeitazama ile ya Don jana usiku na kweli, nilikuwa nimeiona kabla kama wimbo tu wa YouTube, sikujua kuna polisi njiani. Ila swali langu la kwanza bado linaniwasha. Lile bega.

---

MzeeWaVuga amejibu:

Lile bega si bega, binti. Ni pumzi.

Fanya hivi. Washa "Piya Tu", simu iweke kifudifudi usione kitu. Sikiliza Asha Bhosle, mwenye sauti ya wimbo huo, anavyohema kati ya mistari. Amehema studio, mbele ya maikrofoni, na R.D. Burman, mtunzi wa muziki wenyewe, anamjibu kwa sauti yake ya kukwaruza. Wimbo umesharekodiwa kabla kamera haijawashwa. Siku ya kupiga picha Helen anapigiwa spika, na kazi yake ni kuufanya mwili wake utoe pumzi ambayo mwanamke mwingine alishaitoa. Sasa geuza simu, zima sauti. Tazama kifua na shingo. Kinapanda hasa pale Asha alipohema, na bega linakuja nyuma ya kifua, limechelewa kidogo, kama linavutwa. Wewe umeandika kwenye daftari "inua bega, hesabu ya nne". Unaliinua kwa msuli. La kwake linainuliwa na hewa.

La pili ni nyayo. Yule alisomea Manipuri, Bharatanatyam na Kathak, dansi za jadi za Kihindi, si haya mambo ya kilabu tu. Manipuri haina kishindo, mwanamke mguu wake hausikiki, mwili unakwenda kwa duara duara. Ndiyo maana hata akikimbia na viatu vya kisigino haonekani kugonga sakafu. Zumba inagonga. Wateja wako wa asubuhi wanagonga. Wafundishe siku mbili tatu kutembea peku bila sauti, muziki usiwashe kabisa. Watakulalamikia.

Na uso. Hapa nakubaliana na Umm Salma. Wacheza dansi wengi wa filamu zile walikuwa wanacheka kwa meno kuelekea kamera. Helen anacheka kama kaambiwa siri na ile meza ya pembeni. Akicheza "Mehbooba" kwenye Sholay, jambazi Gabbar kakaa hapo anamtazama, na yeye hata haonekani kumuogopa, anajifurahisha. Filamu hiyo ilikaa zaidi ya miaka mitano kwenye jumba moja la Bombay, Minerva. Sisemi ni kwa sababu yake. Lakini sisemi si kwa sababu yake.

---

UmmSalma_Muscat amejibu:

Ahsante Mzee, umetulipa pancha yako leo. Binti, serikali ya India yenyewe ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 2009, mwambie na mama yako "yule mbaya wa kilabu" kafika huko.

Halafu usivae nyekundu kama yake. Mama wa bibi harusi atavaa nyekundu, nakwambia mapema.

---

BintiUpanga ameandika:

Umm Salma, nimempigia simu sasa hivi kuuliza. Kashashona. Nyekundu.

Na wateja wa asubuhi leo nimewatembeza peku dakika ishirini bila muziki. Wawili wameomba kurudishiwa pesa, mmoja ameniuliza kama tutarudia Alhamisi.