Usaili wa uhandisi mitambo: majibu kwa mdogo wetu aliyeko Mbeya

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja, nami nakushukuru kwa kuuliza zikiwa zimebaki wiki mbili, badala ya kutuandikia usiku wa kuamkia usaili. Umesema una shahada ya uhandisi mitambo, umefanya kazi karakana kwa mwaka mmoja hapo Mbeya, kampuni ya huku Ujerumani imekuita kwa usaili wa kiufundi kwa njia ya video, na sasa unarudia vitabu vyote tangu mwaka wa kwanza. Hapo pa mwisho ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu vitabu hivyo hutavimaliza, na hata ukivimaliza bado utakuwa hujajiandaa kwa kile watakachokupima.

Nikueleze yaliyonipata. Katika usaili wangu wa kwanza huku, msaili alichora pampu iliyokaa juu ya kisima, akaandika kwamba maji yako mita 5 chini yake, kisha akauliza: pampu hii inavuta vizuri pwani, je, ukiipandisha hadi mahali penye mwinuko wa mita 1,700 itavuta? Nilinyamaza. Nilikuwa napiga hesabu kichwani, maana nimelelewa kutotamka mbele ya wakubwa jambo ambalo sijalihakikisha, na nilipokuwa tayari kusema, wao walikuwa wamekwisha kuhamia swali jingine. Kazi sikuipata. Hesabu niliiweza, lakini hakuna aliyeiona, na katika usaili wa namna hii njia unayoipita kuelekea kwenye jibu ndiyo inayopewa alama.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba mita 1,700 ndio mwinuko wa Mbeya mjini. Lilikuwa swali la nyumbani kabisa. Mama yeyote wa Mbeya aliyewahi kupika Dar es Salaam anajua kwamba maharage ya kwetu hukaa jikoni muda mrefu zaidi, na sababu yake ni kwamba mgandamizo wa hewa huko juu ni mdogo, hivyo maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Mgandamizo huohuo ndio unaopandisha maji kwenye bomba la kuvutia, kwa kuwa kwa kweli pampu haivuti kitu: inapunguza mgandamizo mlangoni mwake, na hewa iliyolala juu ya maji ya kisima ndiyo inayosukuma. Pwani hewa ina uwezo wa kusimamisha safu ya maji ya mita 10.3, Mbeya ni karibu mita 8.4. Toa mita 0.2 kwa ajili ya mvuke wa maji yenye nyuzi 20, toa mita 1 inayopotelea kwenye msuguano wa bomba, toa mita 3 ambazo, tuseme, mtengenezaji wa pampu anazidai ziwepo mlangoni. Pwani umebaki na mita 6.1, na maji yaliyo mita 5 chini yanafika bila shida. Mbeya umebaki na mita 4.2, pungufu ya zile 5 zinazotakiwa. Maji yataanza kuchemka ndani ya pampu yakiwa baridi vilevile, viputo vya mvuke vitapasukia kwenye impela, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji ndani ya pampu, na kuila polepole, nawe utasikia mlio kama wa changarawe inayozungushwa ndani ya debe. Baada ya hapo unapendekeza dawa: kuishusha pampu karibu na maji, kuweka bomba la kuvutia lenye kipenyo kikubwa zaidi, kupunguza kona, au kutumia pampu ya kuzamishwa majini.

Sasa lisome tena jibu hilo kwa sauti, ukiwa umesimama, mbele ya mtu. Kila siku chagua mashine moja unayoijua na umweleze mwenzako kwa namna hiyohiyo: nini ninakijua, nini ninakikadiria, ninatumia vipimo gani, na je, namba niliyoipata inaingia akilini. Ukikwama, waambie umekwama wapi na ungehitaji taarifa gani ili uendelee. Kusema hivyo hakutakupunguzia heshima mbele yao.

Mashine usiende kuzitafuta mbali. Nilipokuwa kijana niliokota shafti ya msumeno wa duara iliyokuwa imekatika kwenye kiwanda kidogo cha mbao upande wa Mafinga, na kipande kile kimenifundisha kuliko muhula mzima. Ilikatika pale kipenyo kinapobadilika, kando ya beringi, kwenye kona iliyochongwa kali bila mviringo. Uso wake ulikuwa na pete laini zilizopangana kama pete za mwaka kwenye gogo la msonobari, zikianzia ukingoni, na upande wa pili palikuwa na sehemu ndogo yenye makwaruzo. Pete hizo ni ufa uliokua kidogo kidogo kadiri shafti ilivyozunguka, yaani uchovu wa chuma; sehemu yenye makwaruzo ni ile iliyoachia kwa mara moja mwishoni. Kwa kuwa ilikuwa ndogo, mzigo haukuwa mkubwa, na kosa lilikuwa la kona, si la aliyekuwa akipasua mbao. Wasaili hupenda sana kukuwekea picha ya chuma kilichovunjika na kukuuliza kwa nini kimevunjika. Karakana uliko bila shaka ina rundo la vyuma vya aina hiyo. Kaa nalo mchana mmoja.

Vya kukariri ni vichache. Boriti yenye urefu L iliyoegemezwa ncha mbili, ikiwa na mzigo P katikati, momenti yake kubwa kabisa ya kuipinda ni PL/4, na mzigo ukitandazwa sawasawa, w kwa kila mita, ni wL²/8. Moduli ya Young, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kunyumbuka, kwa chuma cha pua au cha kawaida ni gigapaskali (GPa) 200 hivi, alumini 70. Katika kupanga sura za kitu (mbele, juu, ubavuni) kwenye karatasi, michoro ya Ulaya hufuata mtindo uitwao pembe ya kwanza na ya Marekani pembe ya tatu, kwa hiyo angalia alama iliyo kwenye kisanduku cha mchoro kabla hujasema upande upi ni upi.

Jambo moja la lugha. Tumezoea kusema "tulitengeneza", hata pale ulipofanya peke yako, kwa sababu kujitaja kunaonekana ni majivuno. Msaili wa huku akisikia hivyo hawezi kujua mkono wako uko wapi. Kuhusu mradi wako wa mwaka wa mwisho, sema "nilikokotoa", "nilichomelea", "nilipima", na cha mwenzako kitaje kuwa ni cha mwenzako.

*

Shikamoo kaka, na salamu kwako mdogo wetu. Kaka ameeleza yote ya ufundi. Mimi naongeza la saa, kwa sababu nimewahi kuona mtu akiukosa usaili kwa ajili yake. Mwaliko ukisema 10:00 kwa saa za Ujerumani, kipindi cha baridi hapo Mbeya ni saa sita mchana, na kipindi cha joto ni saa tano asubuhi, maana wao hubadili saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, nasi hatubadili. Wajibu kwa barua pepe ukiwatajia saa zote mbili, ya kwao na ya kwetu, na uwaombe wathibitishe. Uwe na simu yenye chaji na bando kamili pembeni kwa ajili ya umeme kukatika, na uwape namba hiyo mapema. Karatasi na kalamu nene ziwe mezani, kwa sababu watakuomba uchore, na mchoro wa penseli hauonekani vizuri kwenye kamera.