Ushauri: Nimepewa vijana niwafundishe kazi, najikuta nawanyang'anya spana

FundiPlagi:
Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Tanga, karakana yetu haiko mbali na mwalo wa Deep Sea. Mwaka wa 14 huu, cheti sina, kazi nimejifunza kwa kuloa oili. Mwaka huu bosi kanikabidhi vijana watatu niwalee kikazi: wawili wametoka chuo cha ufundi VETA, mmoja kaja mikono mitupu. Mshahara ni ule ule, lakini hilo tuliache.

Tatizo ni mimi. Kijana akikwama dakika mbili tu, mkono wangu unakwenda wenyewe. Juzi imeletwa mashine ya nguvu farasi 15, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Inawaka vizuri, ikifika nje inazima. Dogo mmoja wa VETA akafungua plagi, akazipiga brashi, akarudisha. Ikazima tena. Mwenye boti katusimamia, maji yanakupwa, anataka kutoka. Nikamsogeza dogo, nikafungua kikombe cha chujio: maji yamelala chini, petroli juu. Nikamwaga, nikasafisha kabureta, ikanguruma. Nikasifiwa pale! Dogo akaenda kuosha vikombe vya chai. Tangu siku hiyo ni "shikamoo fundi" na basi, swali haulizi.

Miezi inakwenda na hakuna anayemaliza mashine bila kuniita. Nikipata homa karakana inasimama. Nifanyeje?

BintiMakorora:
Kaka pole. Mimi ni muuguzi, wanafunzi wa vitendo napokea kila mwaka. Kwanza anakuangalia, halafu mnafanya wote, halafu anafanya yeye na wewe uko pembeni. Wewe umeruka hapo katikati. Na lile la kumsogeza mbele ya mteja, mwombe radhi. Sisi mwanafunzi hatumsahihishi mbele ya mgonjwa isipokuwa anataka kumdhuru.

MzeeWaKorona:
Mnawadekeza. Mimi nimefundishwa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, huko shambani, ukikosea unakula kofi. Mpaka leo sijasahau.

BintiMakorora:
Shikamoo mzee wangu. Mlioanza pamoja mlikuwa wangapi, na mlibaki wangapi?

MzeeWaKorona:
Marahaba. Tulianza tisa. Tulibaki wawili.

WajaLeo:
Hahaha mzee kajijibu.

Raskazone_HR:
Mkuu, niko upande wa utumishi, nikuongezee kidogo. Kuna kumlea mtu na kuna kumnoa. Kumlea ni kumpa uzoefu wako: ulikosea wapi, wateja wanataka nini. Kumnoa ni kumuuliza mpaka jibu alitoe mwenyewe. Ule utaratibu wa GROW, aliouvumisha Mwingereza John Whitmore miaka ya 1990, una hatua nne: unataka nini, hali ikoje sasa, njia zipo zipi, utafanya ipi. Karakanani usiugeuze fomu. Swali moja linatosha: "Umeshaangalia nini mpaka sasa?" Usiseme "Kwa nini hujaangalia chujio?", hapo umeshamjibu na umemgombeza kwa pamoja.

Ila angalia: maswali ni ya wale wawili wa VETA, wana kitu kichwani. Huyu wa mikono mitupu ukimuuliza "unafikiri ni nini?" unamtesa bure. Yeye mwonyeshe kwanza.

Ngamiani_B20:
Mashine ya mtu anayewahi maji si darasa. Tafuteni kuukuu moja iliyokufa, waifungue na kuifunga siku boti hazipo. Petroli ikimwagika karibu na cheche, hapo nyang'anya spana bila kuuliza. Kwingine shika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Na cheti usikate tamaa, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, nenda kaulize.

FundiPlagi (mrejesho):
Wakuu, asanteni. Dogo nimemwomba radhi, alitazama chini akacheka. Jana imekuja mashine haitoi maji ya kupoza. Nikashika kikombe. Nikauliza umeangalia nini? "Tundu la kutolea maji nimelipitisha waya, halina uchafu. Nahisi impela." Akashusha mguu wa mashine, kweli, impela, lile gurudumu la mpira linalosukuma maji ya kupoza, mapezi yake mawili yamekatika. Akachukua impela mpya. Hapo mkono ulinicheza, wallahi. Nikamuuliza tu: "Hivyo vipande viko wapi?" Kanyamaza. Kisha akaanza kufuata njia ya maji kwa kidole na waya, akatoa kimoja, kile cha pili kikamhangaisha kweli. Angefunga hivyo hivyo, ingechemka wakiwa katikati ya maji.

Imechukua saa nzima. Mimi ningetumia dakika 20. Chai nimeinywa baridi.

Sasa bosi anauliza kwa nini boti moja imekaa saa nzima. Hilo sijalijibu bado. Mwenye maneno mazuri ya kumwambia bosi aniazime.